Kwa Nini Mshahara Wangu wa Machi Ulipungua

"Bantu banabalipa, na banakatala kutumika?" Swali hilo la yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa aliyeko Lubumbashi, nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalijibu hadharani. Kwa maneno anawasema Wafaransa, lakini anayelengwa ni mimi. Mwaka 2023 niligoma pamoja na wenzangu kupinga mageuzi ya pensheni, mshahara ukakatwa, na pesa niliyotuma nyumbani ikawa ndogo. Tangu hapo, kwenye kundi la WhatsApp la familia, mimi ndiye mtu aliyeshiba akasahau njaa. Ninafanya kazi jikoni katika shule ya chekechea ya manispaa, mji mdogo karibu na Lyon. Nainua masufuria, nasugua sakafu, nagawa sahani. Hiyo ndiyo shibe yenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Élisabeth Borne, ilitaka kupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64. Vyama vikuu vinane vya wafanyakazi, ambavyo kwa kawaida haviivi chungu kimoja, vikaungana. Kati ya Januari 19 na Juni 8 ziliitishwa siku 14 za maandamano nchi nzima. Machi 7, wizara ya mambo ya ndani ilihesabu waandamanaji milioni 1.28, chama cha CGT kikahesabu milioni 3.5, na magazeti yakachapa hesabu zote mbili bila kuona aibu. Jijini Paris wazoa taka waligoma mpaka takataka zikafika tani 10,000 hivi barabarani. Machi 16 serikali iliona kura hazitatosha, ikatumia ibara ya 49.3 ya katiba. Ibara hiyo hupitisha sheria bila kura ya bunge, isipokuwa wabunge waiangushe serikali nzima. Aprili 14 Baraza la Katiba likaidhinisha sehemu kubwa ya sheria. Tulikuwa tumeshindwa, na yaya aliifurahia sana sehemu hiyo ya habari. Oktoba 2025, serikali ikiwa haina wingi wa wabunge, waziri mkuu Sébastien Lecornu alitangaza kuyasimamisha mageuzi hayohayo hadi baada ya uchaguzi wa rais wa 2027. Habari hiyo yaya hakuitolea neno.

Watu wa nyumbani wakisikia mgomo wa Ufaransa, picha inayowajia ni ya matairi yanayoungua. Laiti wangeona makaratasi! Katika huduma za umma mgomo hauanzi kabla chama hakijapeleka notisi, inayoitwa preavi, siku tano kamili mapema, ikitaja sababu, mahali, saa ya kuanza na muda. Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kugoma hujitangaza saa 48 kabla. Walimu waliojitangaza wakifika asilimia 25 ya walimu wa shule, sheria ya 2008 inailazimisha manispaa kuwapokea watoto. Hospitalini kuna jambo la ajabu zaidi: muuguzi anaweza kuwa kwenye mgomo na bado akawa wodini, kwa sababu ameamriwa kubaki ili wagonjwa wasife. Anavaa kitambaa mkononi kinachosema amegoma, kisha anaendelea kuchoma sindano. Maandamano yenyewe yana njia iliyojulikana mapema, na mbele ya lori la chama kuna mtu anachoma soseji za merguez.

Sisi watu wa Mokambo, mpakani na Zambia, tunajua vitu vinavyosimama bila notisi. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Sakania na Mokambo baada ya Kongo kuzuia vinywaji kutoka kwao. Siku chache tu, lakini ziliwatosha madereva kulala chini ya malori yao. Preavi ya siku tano ni nani aliyeiona?

Kisha kuna bei yake. Mtumishi wa Dola akigoma hata saa moja, hukatwa sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa mwezi. Sisi wa manispaa na wa hospitali hukatwa kwa muda tuliogoma. Mimi hakuna aliyenilipia. Kwa hiyo mtu anayesema tunagoma kwa uvivu aitazame kwanza karatasi yangu ya mshahara wa Machi, halafu aniambie kama uvivu huuzwa kwa bei hiyo.

Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Iliandikwa katika dibaji ya katiba ya Ufaransa mwaka 1946. Mwaka huohuo ndipo wakoloni wa Ubelgiji walipoanza kuwaruhusu Waafrika wa Kongo kuwa na vyama vya wafanyakazi, tena chini ya macho yao. Yaya anajua kilichotangulia, maana anaishi palepale. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai mishahara iendane na bei za wakati wa vita. Desemba 9, kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari waliufyatulia umati risasi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa, na takwimu za wakoloni zenyewe zilitaja wafu wapatao 60. Baadaye mishahara ilipanda. Babu zetu waligoma kabla ya kuruhusiwa, nami naambiwa nimeiga tabia za Wazungu!

Katiba ya Kongo ya 2006 nayo inaitambua haki ya kugoma, ibara ya 39. Ila mgomo ni silaha ya anayelipwa. Mwajiri asiyekulipa hahisi chochote ukikunja mikono, maana hana cha kukata. Gécamines, kampuni ya madini ya Dola, ilikaa miezi na miezi bila kulipa mishahara, na hatimaye, kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa fedha za Benki ya Dunia, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Huko kwetu mageuzi ya kazi yalikuja ndani ya bahasha moja, ukatia sahihi, ukarudi nyumbani. Huku yalikuja kwa miezi mitano ya kelele. Yaya anaona kelele ni utovu wa shukrani. Mimi naona watu wa Gécamines walistahili kelele kama hizo.

Ila siwezi kusema watoto wangu wamefaidika na elimu hii yote. Binti yangu, wakati ule akiwa na miaka minane, alibandika preavi kwenye friji: kuanzia Jumatano ijayo hatakula bukari, yaani ugali, kwa muda usio na kikomo. Alitaja sababu, mahali na saa. Kaka yake alimjulisha kwamba preavi hutolewa na chama chenye uwakilishi, si na mtu mmoja, kwa hiyo akajiunga naye wakawa chama. Baba yao alikubali kuzungumza nao. Mimi nilisema jikoni hapa kuna ibara ya 49.3, na bukari ikapita bila kura. Wakala, wamenuna, huku wakidai wameamriwa kubaki kazini.

Kijana wangu naye alienda mbali zaidi. Asubuhi moja ya Machi wanafunzi wa lisee yake walikokota mapipa ya taka wakaziba lango. Alirudi akinuka, amefurahi, ameandamana kwa ajili ya pensheni yangu, na sahani aliyolia asubuhi bado iko mezani. Mama yangu aliposimuliwa kwa simu aliuliza, "Wamejifungia masomo wao wenyewe?" Hapo nilikosa la kuitetea Ufaransa. Sisi tulikuwa tunafukuzwa masomo kwa sababu ya pesa, tunalia njia nzima. Hawa wanajifukuza, wanaimba.

Jioni hiyo niliwaeleza kwamba tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo ndio waliowalipa walimu, kwa sababu Dola ililipa kidogo au haikulipa kabisa, na mtoto ambaye mzazi wake hakutoa alirudishwa nyumbani. Elimu ya msingi ya bure ilikuja 2019, na migomo haikwisha. Septemba 2024, shule zilipofunguliwa, walimu wa mikoa kadhaa hawakuingia darasani. Binti alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama, walipowafukuza, waliwapa preavi ya siku ngapi?"

Basi yaya, na nyinyi wasomaji mlio Lubumbashi, Likasi au Mokambo: mwalimu wa mtoto wenu akigoma, msimwambie mtoto kwamba mwalimu ni mvivu. Mwambieni mtoto ni kiasi gani mwalimu wake anadai, na tangu mwezi gani.