DAWA ZA TUMBO LILILOJAA HEWA NA MARADHI YA MAFIGO

Tumbo likijaa hewa, watu wengi hununua dawa dukani bila kuuliza. Kwa mwenye maradhi ya mafigo jambo hili lina hatari. Dawa iitwayo simethikoni haiingii katika damu. Huvunja mapovu tumboni, kisha hutoka pamoja na choo. Lakini mara nyingi huchanganywa na magnesiamu na alumini, ambazo mafigo dhaifu hayawezi kuzitoa vema. Magnesiamu ikizidi katika damu, mtu hulegea viungo, husinzia, na moyo hupiga polepole. Alumini hudhuru mifupa na ubongo. Magadi nayo, ingawa husifiwa sana, huzidisha uvimbe wa miguu. Basi mgonjwa na ampelekee daktari chupa yenyewe, kabla ya kunywa hata kijiko kimoja.