Fremu ya Baiskeli kwa Mianzi: Inawezekana, Ila Usikimbilie Gundi

Leo tunaweka pembeni mahindi na soya kidogo, tuzungumzie mianzi.

Kuna kijana wa hapa Peramiho alinifuata ofisini na simu mkononi. Kaona video ya baiskeli ya mianzi, kwao bondeni mianzi ipo, na hela ya soya kashapokea. Akauliza, "Afisa, nikitengeneza hii si nauza?" Nikamwambia tulia kwanza, maana mimi yalishanikuta.

Fremu yangu ya kwanza nilikata mianzi michanga, nikaianika juani wiki mbili tu. Kuiunga ikapendeza kweli. Mwezi wa pili nikiwa nashuka mteremko, bomba la chini likapasuka kwa urefu. Niliumia goti, basi. Lakini somo nilipata: fremu nyingi hazifi kwenye gundi, zinakufa shambani siku ya kukata.

NANI ANAZITENGENEZA?

Si mchezo wa watoto huu. Huko California, fundi Craig Calfee alianza kuunda fremu za mianzi miaka ya 1990. Ghana kuna Ghana Bamboo Bikes ya Bernice Dapaah. Jirani zetu Uganda wapo Boogaali Bikes ya Kasoma Noordin, wanaofunga maungio kwa gome la mti, lile la kutengenezea nguo za asili za Waganda, na gundi ya epoksi.

MWANZI GANI, NA UKATWE LINI?

Mwanzi wetu wa ulanzi una ukuta mnene na tundu dogo, chini wakati mwingine hauna tundu kabisa. Ni mzito lakini imara, na mwembamba wake unafaa sana mabomba ya nyuma. Ule wa njano una wanga mwingi, kwa hiyo bungua wanaupenda kupita kiasi.

Hapa kuna jambo la kuamua mapema. Chipukizi likigemwa ulanzi masika, halikui tena kuwa mti wa kufaa. Huwezi kunywa na kujenga kwa chipukizi lilelile. Tenga vichaka: hivi vya kugema, hivi vya miti.

Kata kiangazi, Juni hadi Septemba, wanga ukiwa umepungua. Chagua shina la miaka 3 hadi 5: maganda yameshadondoka, lina madoa ya kijivu, ukiligonga linalia kavu. Usikate kichaka chote, acha machanga yaendelee. Na kama mianzi iko kandokando ya mto, pita ofisi ya kijiji kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

HATUA ZA KAZI

1. Loweka mianzi kwenye maji yanayotembea wiki 4 au zaidi ili wanga utoke. Ukipata boraksi na asidi ya boriki, bora zaidi.

2. Simamisha kivulini miezi 2 hadi 3. Jua kali linaipasua.

3. Toboa vifundo vyote vya ndani kwa nondo, kisha pitisha juu ya moto mdogo mpaka itoe jasho na kubadilika rangi. Usipotoboa, hewa ya ndani inalipua mwanzi kama bunduki.

4. Tafuta fremu mbovu ya chuma. Kata bomba la ekseli ya pedeli, bomba la usukani, kipande cha kushikia siti na masikio ya gurudumu la nyuma. Uma wa mbele ubaki wa chuma, hapo usijaribu ujanja.

5. Chora fremu nzima kwa kipimo chake kwenye ubao, pigilia vibao vya kushikilia kila bomba. Gurudumu la nyuma likikaa upande, kazi yote bure.

6. Chonga ncha za mianzi zikumbatiane vizuri, kwaruza kwa msasa, shikiza kwa epoksi. Ikishika, zungushia nyuzi za katani zilizoloweshwa epoksi, tabaka juu ya tabaka. Kaza kwa utepe wa tyubu kuukuu, acha siku nzima au zaidi. Vaa glavu, na wakati wa kupiga msasa ziba pua.

7. Paka vanishi kote, hasa kwenye ncha zilizokatwa, maana maji yanaingilia hapo.

Kabla ya kupanda, ning'iniza uzito kwenye fremu usiku kucha, asubuhi kagua nyufa. Halafu endesha tambarare wiki kadhaa. Gunia la mahindi usipakie, hiyo ni kazi ya baiskeli ya chuma.

SASA HESABU

Kijana wangu alitaka kuuza hapa hapa. Nikamuuliza: jirani yako anayepeleka mboga Songea mjini atanunua baiskeli isiyobeba tenga? Akacheka, akaelewa. Wanaofanikiwa Ghana na Uganda wanauza sana kwa wageni na nje ya nchi, na huko mteja anataka ubora usiobadilika. Epoksi nayo ni gharama kubwa, ulizia bei dukani kabla hujakata hata mwanzi mmoja.

Ushauri wangu: tengeneza moja, ya kwako, uiendeshe mwaka mzima. Wakati huo kichaka kikulipe kwa njia tunayoijua: miti ya kusimikia nyanya, mihimili ya migomba, fito, na matenga. Kichaka kilichotunzwa kinatoa kila mwaka bila kupanda upya.

Yule kijana kaweka hela ya soya kwenye mbolea. Mianzi yake sita imesimama kivulini nyuma ya jiko, anahesabu miezi. Hapo sasa ndo naona fundi.

Kazi njema.