Kuondoa Kiyoyozi Kilichoharibika Katika Motokaa Kuukuu

Motokaa nyingi zinazobeba maziwa, mboga na mbolea katika skimu zetu ni kuukuu. Nyingi zilitumika kwanza Japani kabla ya kufika kwetu, nazo zilikuja na kiyoyozi, yaani mashine ya kupoza hewa ambayo watu wengi huiita AC. Baada ya miaka mingi kiyoyozi hufa, na mwenye gari huona kuwa kukitengeneza ni gharama kubwa. Hapo shauri la kwanza analopewa ni hili: “Kikate kwa msumeno, ukitupe.”

Shauri hilo lina hatari. Kiyoyozi chaweza kuondolewa, lakini kwa mpango: kwanza kujua kama kuna haja, pili kutoa gesi, tatu kushughulika na mkanda, na mwisho kutoa vyuma. Anayevuruga mpango huu aweza kupoteza jicho lake, au kuharibu injini iliyokuwa nzima.

SEHEMU ZA KIYOYOZI

Yafaa kujua kwanza unachotaka kuondoa. Kiyoyozi kina sehemu nne kubwa. Ya kwanza ni kompresa, pampu ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda, ambao mafundi huuita fenibelti. Ya pili ni kondensa, inayofanana na rejeta nyembamba, nayo imesimama mbele ya rejeta ya maji. Ya tatu ni chupa ndogo ya kukaushia gesi. Ya nne ni evapareta, iliyofichwa ndani ya dashibodi. Hapo ndipo baridi hutokea. Sehemu hizi zote zimeunganishwa kwa paipu za alumini na mipira migumu, na ndani yake huzunguka gesi na mafuta kidogo.

JE, KUNA HAJA?

Kiyoyozi kisichotoa baridi si lazima kiwe adui wa injini. Kikizimwa, puli ya kompresa huendelea kuzunguka pamoja na mkanda, lakini kompresa yenyewe husimama. Basi kama puli yazunguka vizuri, gari laweza kwenda miaka mingi bila kuguswa.

Lipime hivi. Zima injini, legeza mkanda na uutoe, kisha uzungushe puli ya kompresa kwa mkono. Ikizunguka laini, bila kelele na bila kuchezacheza, iache. Ikikwaruza, ikitikisika au ikikataa kuzunguka, beringi yake imekwisha, na hapo usingoje. Beringi hiyo ikishika ukiwa njiani, mkanda huungua na kukatika. Katika magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Maji yasipozunguka, injini huchemka kwa dakika chache. Mkulima aliyekuwa akipeleka maziwa ya alfajiri atapoteza maziwa ya siku hiyo, na huenda pia akalipa fundi kufungua kichwa cha injini.

Sababu nyingine ya kuondoa ni kondensa iliyojaa matope na mbegu za nyasi. Huzuia upepo usifike kwenye rejeta, na injini hupata joto mno mlimani. Lakini kwanza jaribu kuiosha. Mara nyingi kuosha kwatosha.

Tena usitumaini kuokoa petroli nyingi. Kiyoyozi kilichozimwa hula nguvu kidogo sana.

GESI KWANZA

Hapa ndipo penye hatari. Gesi iliyomo katika paipu hukaa kwa nguvu hata injini ikiwa imezimwa. Siku ya joto la kadiri, nguvu yake hufika kama ratili 80 kwa kila inchi ya mraba, na gurudumu la pikapu ndogo hujazwa kama ratili 35 tu. Ikitoka ghafula hugeuka baridi kali, chini ya digrii 25 za selisiasi chini ya sifuri. Ikigusa ngozi huigandisha. Ikiingia jichoni yaweza kulipofusha. Tena ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo katika karakana iliyofungwa au shimo la kutengenezea magari yaweza kumkosesha mtu pumzi. Ikikutana na moto wa kuchomelea vyuma hutoa moshi wenye sumu.

Huenda mkulima akasema, “Kiyoyozi changu hakitoi baridi, basi gesi imekwisha.” Si hivyo. Gesi ikipungua baridi yaweza kukoma, na nyingine ikabaki ndani. Hakuna awezaye kujua kwa kutazama. Ni lazima kupima kwa geji.

Kwa hiyo, kabla ya kulegeza nati hata moja, peleka gari kwa fundi wa viyoyozi mwenye mashine ya kuvuta gesi na kuitia katika mtungi. Kazi hii haichukui muda mrefu. Usikubali fundi anayefungua vali na kuiachia gesi iende hewani. Magari yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12, ambayo hula tabaka la ozoni linalotukinga na miali mikali ya jua. Ndiyo sababu mataifa yalifanya Mkataba wa Montreal mwaka 1987 kuikomesha, na Kenya iliuridhia mwaka 1988. Magari yaliyofuata yalitumia R-134a. Hiyo haili ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia kama zaidi ya kilo 1,000 za hewa ya kaboni. Sisi tunaotegemea mvua ije kwa wakati wake hatuna faida katika jambo hilo. Jina la gesi kwa kawaida huandikwa katika kibandiko chini ya boneti.

MKANDA NDIO ROHO YA KAZI

Gesi ikiisha kutolewa, tazama mkanda. Kama kompresa ina mkanda wake peke yake, una bahati. Utoe huo, na kompresa haitazunguka tena. Wengi huishia hapo, na gari huendelea na kazi yake.

Lakini kama mkanda mmoja huzungusha kompresa, alteneta na pampu ya maji pamoja, huwezi kutoa kompresa tu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufunga puli tupu mahali pa kompresa, na mkanda ukabaki ule ule. Hiyo ndiyo njia bora, kama puli ya kufaa yapatikana. Ya pili ni kununua mkanda mfupi zaidi. Pima urefu wake kwa kamba isiyovutika, ukiipitisha katika puli zilizobaki.

Kabla ya kutoa mkanda wa zamani, chora katika karatasi jinsi ulivyopita, na uweke mshale kuonyesha kila puli yazunguka upande gani. Ukiufunga mkanda mpya vibaya, pampu ya maji yaweza kuzunguka kinyume, na injini itachemka ingawa mkanda ni mpya. Mkanda mwembamba wa kizamani ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili ushuke kama sentimeta moja, si zaidi sana.

KUTOA VYUMA

Tenganisha waya wa hasi wa betri. Vaa miwani ya kazi, na ulegeze kila kiungo cha paipu polepole. Chomoa waya wa kompresa, kisha fungua bolti zake. Tazama sana kile chuma kinachoishika, kwa maana katika injini nyingine ndicho kinachoshika alteneta pia. Chuma hicho kibaki.

Kondensa hutolewa kwa mbele. Jihadhari usitoboe rejeta iliyo nyuma yake. Feni zote za umeme ziache, kwa kuwa katika magari mengi husaidia kupoza maji ya injini.

Evapareta hakuna haja ya kuitoa, maana itakulazimu kufungua dashibodi nzima. Ikate mawasiliano na uiache. Usichanganye paipu zake na mipira ya hita, ambayo hupitisha maji ya moto ya injini. Paipu za kiyoyozi ni za alumini zenye nati, na mipira ya hita ni laini yenye vibanio.

Matundu yanayobaki katika ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi ni lazima yazibwe kwa vizibo vya mpira. Yakiachwa wazi, moshi wa injini huingia kwa dereva, na panya pia. Ncha za waya zifungwe kwa utepe wa umeme, kila moja peke yake, na fyuzi ya kiyoyozi itolewe.

Mafuta ya kompresa yamiminwe katika mkebe, yasimwagwe mferejini wala shambani. Alumini ina bei kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, basi usiitupe.

BAADA YA KAZI

Washa injini ikiwa gari limesimama, na uiache ipate joto mpaka feni ianze yenyewe. Isipoanza, usiende safari. Mwite fundi wa umeme. Baada ya siku mbili za kazi kaza mkanda tena.

Ujue pia unachokosa. Kiyoyozi hukausha hewa ndani ya gari. Mkulima wa Mwea atakosa ubaridi tu, lakini mkulima wa Kinangop, mwezi wa Julai, ataona kioo cha mbele kikiingia ukungu. Basi hita na feni ya kioo ziwe nzima, na kitambaa safi kisikose garini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pima puli kwanza. Ikiwa nzima, huenda hakuna kazi ya kufanya.
2. Gesi itolewe na fundi mwenye mashine. Msumeno usiguse paipu yenye gesi.
3. Chora njia ya mkanda kabla ya kuutoa.
4. Ziba matundu yote na ufunge nyaya zote.
5. Hakikisha feni yafanya kazi kabla ya kupakia mzigo.

Gari kuukuu likitunzwa kwa utaratibu litafikisha mazao sokoni kwa wakati wake.