Kuuliza Si Ujinga: Baharia wa Kirusi na Piano Yake

Mara kwa mara hunijia vijana waliojifundisha kinanda wenyewe, wakaniuliza kama mtu asiyepitia chuoni aweza kutunga muziki mkubwa ukakubaliwa na wajuzi. Siwajibu kwa ndiyo wala la. Huwapa kisa cha Nikolai Rimsky-Korsakov, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1844.

Huenda wewe msomaji umewahi kuisikia kazi yake bila ya kulijua jina lake. Ndiye aliyetunga, mwaka 1888, muziki uitwao "Scheherazade", uliotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, na mwanzo wake ni bahari na chombo cha Sindbad. Bahari hakuhadithiwa. Aliingia chuo cha wanamaji akiwa na umri wa miaka 12, na muziki ukawa ni kazi ya saa za mapumziko.

Mwaka 1861 alikutana na Mily Balakirev, mtunzi ambaye naye kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe. Balakirev akamhimiza kutunga simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra nzima. Mwaka uliofuata kijana akapangiwa safari katika manowari "Almaz", safari iliyochukua zaidi ya miaka miwili. Walipotia nanga Gravesend, Uingereza, alimaliza sehemu moja ya simfoni yake akaipeleka Urusi kwa posta, ili mkubwa wake aikague. Hebu fikiri: karatasi zivuke Ulaya nzima, kwa ajili tu ya kutaka kuonyeshwa palipopinda! Simfoni hiyo ilipigwa mwaka 1865, na watu wakastaajabu kumwona mtunzi akijitokeza na sare zake za uanamaji.

Lakini sifa nazo zina mtihani wake. Mwaka 1871, akiwa na miaka 27, alialikwa kuwa profesa katika chuo cha muziki cha St. Petersburg. Akakubali, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Aliandika mwenyewe baadaye katika kumbukumbu zake kwamba siku zile hakujua kanuni za kupatanisha sauti, wala majina ya sauti zinazopigwa kwa pamoja. Alikuwa akitunga kwa kuongozwa na sikio.

Wewe ungefanyaje? Wako ambao wangejivika kilemba cha uprofesa wakanyamaza. Yeye alikaa kitako akasoma masomo yale yale ya wanafunzi wake, akiwatangulia hatua chache tu. Mwaka 1875 alimpelekea Tchaikovsky, aliyesoma chuoni barabara, fuga kumi ili azitazame. Fuga ni utungo ambao sauti kadhaa hufukuzana kwa sheria kali, nao ni mazoezi ya mwanafunzi. Profesa mzima akapeleka daftari lake kukaguliwa! Tchaikovsky akamsifu kwa unyenyekevu wake.

Marafiki wa zamani hawakufurahi. Balakirev hakuvipenda vyuo, na kundi lake likaona kwamba elimu ya vitabuni itamkausha mwenzao. Maneno haya nayasikia hata kwetu pwani, mpiga udi akiambiwa asome noti: ati ladha itapotea.

Jibu lilikuja kwa piano. Kati ya mwaka 1882 na 1883 Rimsky-Korsakov alitunga koncheto, yaani utungo ambao piano moja hujibizana na okestra, kama vile mwimbaji wa taarabu ajibizanavyo na waitikiaji wake. Kazi yenyewe ni fupi, yapata robo saa tu, na yote imejengwa juu ya wimbo mmoja wa wenyeji wa Urusi, alioutoa katika mkusanyo wa Balakirev mwenyewe. Wimbo ule hugeuzwa huku na huku, mara taratibu, mara kwa kishindo, lakini hautoweki. Ule ustadi wa kugeuza ndio aliouchuma katika zile fuga.

Tena yeye hakuwa mpigaji hodari wa piano. Aliyekuwa hodari ni mkewe, Nadezhda. Koncheto ilipopigwa mwaka 1884, Balakirev aliipenda, na akashangaa kuona mtu asiye mpigaji ameiandikia piano sawasawa. Mwalimu aliyeogopa elimu itamkausha mwanafunzi wake akayaona matunda yake.

Basi nawaambia vijana wetu wayatazame mambo mawili. La kwanza, bwana huyu hakupeleka kazi yake kwa wenye kupiga makofi, bali kwa waliomzidi. Jamaa na majirani watakusifu kwa mapenzi, na sifa zao ni tamu, lakini hazitakuonyesha palipolegea. La pili, alijua ni wa kumwuliza nini kila mmoja: kwa Balakirev alitaka moto wa kutunga, kwa Tchaikovsky akataka kanuni. Na pale walipohitilafiana, akachagua mwenyewe, kwani utungo ni wa mtunzi.

Alifariki mwaka 1908, baada ya kuwafundisha wengi, akiwemo Igor Stravinsky. Na kile chuo alichokiingia bila ya kujua masomo yake, leo kinaitwa kwa jina lake.