Mazingira ya maabara yanavyoathiri viinitete vya ng'ombe na idadi ya ndama majike

Ndama jike ndiye anayesubiriwa kwa hamu katika zizi la ng'ombe wa maziwa kisiwani Unguja. Mtamba ni maziwa ya kesho, ilhali dume mara nyingi huishia kuuzwa kwa nyama. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu, tofauti hiyo ni kubwa.

Ufugaji huo ulipata nafasi ya kupanuka baada ya Unguja kutangazwa mwaka 1997 kuwa huru dhidi ya mbung'o, kufuatia kazi ya kuachia mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga. Ugonjwa wa nagana ulipoondoka, wafugaji wengi zaidi waliweza kufuga ng'ombe wa maziwa wa mbegu bora.

Njia inayotumika zaidi kuboresha mbegu ni uhimilishaji, na Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha. Njia nyengine ni kurutubisha yai ndani ya maabara na kukilea kiinitete kwa takriban siku saba, kisha kukipandikiza katika kizazi cha ng'ombe mlezi. Ndama wa kwanza duniani kupatikana kwa urutubishaji wa maabara alizaliwa Marekani mwaka 1981.

Katika siku hizo saba, maabara hufanya kazi ya tumbo la ng'ombe. Joto hudumishwa karibu nyuzi 38.5 za Selsiasi. Oksijeni hupunguzwa hadi asilimia 5 hivi, kwa kuwa asilimia 21 iliyomo katika hewa ya kawaida huweza kudhuru seli. Majimaji ya kulelea nayo hupimwa kwa uangalifu. Yakiongezwa seramu ya damu, baadhi ya ndama huweza kuwa wakubwa kupita kiasi na kuleta matatizo wakati wa kuzaliwa.

Jinsia huamuliwa na mbegu ya dume pale yai linaporutubishwa. Maabara haiwezi kumgeuza dume kuwa jike, lakini mazingira yake huweza kuamua ni viinitete vipi vitakavyosalimika. Tafiti zimeonesha kwamba glukosi ikizidi katika majimaji hayo, viinitete vya kike huathirika zaidi. Sababu inayoelezwa ni kuwa jike ana kromosomu X mbili, ambazo mwanzoni zote hufanya kazi, na kromosomu hiyo hubeba jeni inayohusika na matumizi ya glukosi.

Aidha, katika mazingira hayo viinitete vya kiume mara nyingi hukua kwa kasi zaidi. Mtaalamu akichagua vile vilivyotangulia tu, huenda akajikuta amechagua madume wengi bila kukusudia.

Ipo njia ya kupunguza bahati nasibu hiyo. Mbegu zilizotenganishwa kwa jinsia hutoa ndama majike kwa takriban asilimia 90. Vilevile, seli chache za kiinitete huweza kupimwa kabla ya kupandikizwa.

Kwa hiyo, mfugaji anayepewa huduma ya kiinitete ana haki ya kuuliza mambo matatu: mbegu iliyotumika ilitenganishwa kwa jinsia? Kiinitete kimepimwa? Ng'ombe mlezi ana afya na lishe ya kutosha? Bila ya ng'ombe mlezi aliye imara, hata kiinitete bora hakitafika zizini kikiwa ndama.