Je, Wajua? Nyumba Iliyoiachia Mvua Theluthi Yake

Mwaka 1976, msanifu majengo Tadao Ando alikamilisha nyumba ndogo huko Sumiyoshi, mjini Osaka, Japani. Kiwanja chake ni cha mita za mraba 57 hivi, kimebanwa na nyumba za jirani kushoto na kulia, na upana wake haufiki mita 4.

Mwingine angejenga kila pembe. Ando aliugawa urefu wa nyumba mafungu matatu, na lile la katikati akaliacha liwe ua usioezekwa. Ukuta wa mbele ni zege tupu, una mlango tu bila dirisha hata moja. Mwanga na hewa huingilia uani na kufika vyumba vya mbele na vya nyuma, chini na juu.

Gharama yake ipo. Sebule iko mbele, jiko na bafu viko nyuma. Ghorofani, vyumba viwili vya kulala vimeunganishwa na kidaraja kisicho na paa. Mvua ikinyesha usiku, kwenda msalani ni kwa mwavuli. Hata hivyo, uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani bila ua, vyumba vya kati vingekosa mwanga kabisa.

Mwaka 1979 nyumba hiyo ilimpatia Ando tuzo ya Taasisi ya Usanifu Majengo ya Japani.