Mwimbaji wa Wimbo Mmoja, Mchezaji wa Msimu Mmoja

Ndugu wafanyakazi, mpira wa magongo tunaoujua sisi huchezwa kwenye majani, na katika mchezo huo Kenya ilishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1971. Lakini huko Kanada na Marekani unaopendwa ni ule wa barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vikali chini na kugombea kisahani kigumu cha mpira. Ni kazi ya mshahara kama yetu, ila umri wake ni mfupi mno.

Mchuma chai wa miaka arobaini huwa na mikono myepesi kuliko kijana aliyeajiriwa jana. Barafuni mambo ni kinyume. Mtazame Jonathan Cheechoo, Mhindi Mwekundu wa kabila la Cree, mzaliwa wa Moose Factory kaskazini mwa Ontario. (Jina lisikudanganye: hapakuwa na kiwanda, palikuwa kituo cha kununulia ngozi za wanyama.) Msimu wa 2004-05 haukuchezwa kabisa, kwa kuwa wenye timu waliwafungia wachezaji milango katika mgogoro wa mishahara. Msimu uliofuata, mwezi Novemba 2005, timu yake ya San Jose ikamleta Joe Thornton, fundi wa kutoa pasi. Cheechoo akafunga mabao 56, akawa mfungaji bora wa ligi nzima. Alikuwa na miaka 25.

Baada ya hapo yakaja mabao 37, kisha 23, kisha 12. Majeraha yalimwandama, na mabeki nao walikwisha kumsoma. Mwaka 2009 akauzwa Ottawa, akafunga matano tu. Kufikia 2010 ligi kubwa ilikuwa imemalizana naye, hata miaka thelathini hajatimiza.

Wengi humfananisha mtu kama huyu na mwimbaji wa wimbo mmoja. Los del Río wa Hispania walianza kuimba mwaka 1962. Dunia iliwajua mwaka 1996 tu, pale Macarena ilipokaa wiki 14 juu ya orodha ya nyimbo za Marekani. Basi, wakarudi kimya. Wasikilizaji husema walibahatika, wakisahau ile miaka thelathini na zaidi ya kupiga gitaa bila kelele. Cheechoo naye hakuanza kuteleza barafuni mwaka 2005.

Hata hivyo mfano huu una kasoro moja, nayo inatuhusu sisi. Wimbo huendelea kufanya kazi mwenyewe akiwa amelala, na mtunzi hulipwa mrabaha kila unapopigwa. Bao la jana halilipi tena. Lakini mrabaha nao hutegemea mkataba. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939, na inaelezwa kuwa aliuza haki zake kwa shilingi kumi. Mwaka 1961 kundi la Tokens liliuimba wimbo huo kwa maneno mengine ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka uliofuata Linda alikufa maskini. Binti zake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006.

Mchezaji hana cha kumlinda ila mkataba na pensheni. Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit aliwakusanya wenzake waunde chama. Mwaka huohuo, ingawa alikuwa nyota, aliuzwa Chicago, na chama kikavunjika. Chama cha kudumu kilipatikana mwaka 1967, chini ya wakili Alan Eagleson. Huyo naye, baada ya kukiongoza zaidi ya miaka ishirini, alikiri mahakamani mwaka 1998 makosa ya udanganyifu akafungwa. Wanachama walikuwa wamemwachia vitabu vyote bila kukagua. Waliopigania fedha zao ni wastaafu wenyewe, akina Carl Brewer, waliofungua kesi. Mwaka 1992 mahakama ya Ontario iliamua kwamba ziada ya mfuko wa pensheni ilikuwa mali ya wachezaji, wala si ya wenye timu.

Cheechoo hakuketi kulilia mabao yake 56. Mwaka 2013 alivuka bahari kutafuta mkataba Zagreb, halafu Minsk, akaendelea kuteleza na gongo lake mkononi.